Godoro la Watu Kumi na Mmoja

Jumamosi moja ya mwaka 2018, saa sita mchana, Flaviana aliingia kwenye duka la magodoro mtaani Alief, huko ughaibuni, akiwa bado na sare ya kazi. Alilifuata godoro la kwanza akalikandamiza kwa goti. Ndivyo mama yake alivyonunua magodoro kule Moshi: goti, ngumi, kisha swali moja.

"Inchi ngapi?"

"Sista, unanunua godoro ama unakamata mwizi?" Muuzaji, Kiprop, alikuwa Mkenya wa Eldoret. "Toa goti. Si goti litalala hapa. Vua viatu, lala vile wewe hulala, dakika kumi."

Flaviana akalala kwa ubavu. Alitaka godoro gumu kama meza, maana mgongo ulikuwa ukimuuma tangu Pasaka. Kazi yake ilikuwa kunyanyua wazee katika kituo cha kuwatunzia, na siku mgongo utakapogoma, kazi nayo itakuwa imekwisha.

Kiprop alichuchumaa kuutazama uti wa mgongo. Akamweleza kwamba ugumu ni habari ya ngozi, unausikia ukigusa tu, ila kushikilia ni habari ya mifupa. Godoro gumu mno hulisukuma bega juu na kukiacha kiuno kinaning'inia. Laini mno, nyonga zinazama na mgongo unapinda kama ndizi. La kununua ni lile linaloliacha bega liingie kidogo huku likikibeba kiuno.

Flaviana akainuka. Kwenye sponji zilibaki alama za miili ya watu kumi na mmoja, zimebanana kama dagaa.

"Huyu wa mguu mmoja ni nani?" Kiprop aliuliza huku akiandika.

"Mzee Delbert. Chumba namba saba."

"Na huyu amejikunja?"

"Bibi Lorene. Ukimwimbia ananyooka."

"Sawa. Nyinyi wa kutunza wazee ndio mko hivyo. Juzi dereva wa lori aliniachia usukani hapa, mpaka leo haujatoka." Akampeleka upande wa pili wa duka. "Ungekuwa peke yako ningekupa la kawaida. Na hawa wote, chukua sponji zito, ugumu wa kati."

Severin, mumewe, alilifunga juu ya gari wakalipeleka nyumbani kwao, mtaa wa Gulfton. Lilikuwa godoro zuri. Ila kila Flaviana alipotoka kazini alirudi na watu wake, na nafasi ya Severin ikachukuliwa na Mzee Delbert.

"Mama Abigail, leo mmekuja wangapi?" Severin aliuliza, mto kwapani, akielekea kwenye sofa.

"Walewale."

"Huyu mzee ana mguu mmoja lakini analala kama ana mitatu."

Kanuni ya kituo ilikuwa ukutani, ndani ya fremu ya kioo: asiyeweza kusimama atanyanyuliwa na watu wawili, au kwa mashine. Mashine ilikuwa mbovu tangu Pasaka, imefunikwa shuka safi. Watu wawili walikuwa Flaviana na mwenzake Jerioth, na Jerioth alikwisha kuhamishiwa ghorofa ya juu. Mara tatu Flaviana alilalamika. Mara tatu meneja, Bi Crenshaw, alimshukuru kwa moyo wake wa kujitolea, akamwomba ushahidi.

Basi akaupata ushahidi. Alhamisi alitoka kazini, akalala dakika kumi, kisha yeye na Severin wakalipeleka godoro hadi kituoni na kulitandaza sakafuni mwa ofisi ya meneja.

"Hesabu," Flaviana alisema. Akaanza kuzionyesha alama kwa kidole. "Huyu ana kilo mia na kumi. Huyu nimemnyanyua mara nne leo, peke yangu. Nimebonyeza kengele, hakuna aliyekuja. Nimekupigia wewe, uko kwenye mkutano wa usalama kazini. Unataka ushahidi gani tena? Nichomoe pingili za mgongo nikupangie mezani?"

Bi Crenshaw alichukua futi ya utepe, akapiga magoti, akahesabu mara mbili. Walikuwa kumi na mmoja kweli. Akapitisha kiganja upande wa miguuni, kushoto, ambako sponji lilikuwa tambarare.

"Na hapa?"

"Hapa nini?"

"Hapa hapana mtu."

Akamwongezea vyumba vitatu, kuanzia Jumatatu.

Jumanne asubuhi Severin alihesabu kumi na nne. Godoro lilistahimili. Kiprop hakuwa amedanganya: bega liliingia, kiuno kilibebwa.

Mwezi uliofuata kituo kilinunua godoro la aina ileile, likawekwa ofisini kwa meneja. Kila anayemaliza zamu huvua viatu akalala dakika kumi, kwa ubavu, na akiinuka Bi Crenshaw hupita na utepe wake akitafuta nafasi. Mashine bado iko palepale kwenye kona. Shuka lake hubadilishwa kila Ijumaa.