Gurudumu Lililonukia Mawese

Wewe unayesoma hapa, umeshawahi kusikia gurudumu la remorki likinukia kama sufuria ya sombe, yale majani ya muhogo yanayopikwa kwa mawese?

Jumatano moja mji mzima wa Baraka, kando ya ziwa, ulisikia. Mashaka alikuwa anaingia polepole na jeep ya dada yake Nuru, akivuta remorki, yaani trela, iliyojaa bidoni za mawese kutoka Kilembwe, na gurudumu la kushoto likitoa moshi mwembamba wa jikoni. Mbwa wawili walilifuata tangu sokoni. Mama mmoja aliyekuwa anaanika ndagala akaita, "Papa, munapikia wapi? Mi niko na njaa."

Mashaka alisimamisha gari mbele ya karakana ya fundi Raphaël, akashuka akijifuta jasho. Habari ya mawese haikumtisha sana. Watu wangecheka, kisha wangechoka. Kilichomkausha mate ni kwamba Raphaël angelifungua gurudumu, na ndani yake freni, zile breki za remorki, hazimo.

Alizitoa yeye mwenyewe, mwaka wa tatu sasa, siku tope la Kilembwe lilipozigandisha. Alizitia ndani ya mfuko, mfuko ukapotea, na Nuru akaambiwa kila kitu kiko bien, kiko sawa. Tangu hapo, kila akishuka kutoka Fizi kuja ziwani, remorki inamsukuma kwa nyuma kama ng'ombe aliyeona majani. Kwa hiyo kila akifika juu ya mteremko anasimama, anakaza kamba ambazo zimekazwa tayari, anavuta pumzi, anaingiza vitesi ya kwanza, gia yenye nguvu, na kushuka akiuma midomo. Alitaka freni, hakuna kingine. Lakini dereva aliyeendesha gari miaka tisa aanzie wapi kumwambia dada yake kwamba anaogopa?

Nuru alifika kwa miguu, kikwembe kimefungwa vizuri, akanusa.

"Mashaka, ulitia nini mule?"

"Grisi iliisha, yaya," alimjibu dada yake mkubwa. "Kilembwe muzima haiko. Na gurudumu ilikuwa inalia."

"Ukatia mawese yangu."

"Kidogo tu. Kikombe moja."

"Na chumvi, ulitia?"

Raphaël alicheka mpaka akakalia tairi la zamani. Nuru naye akacheka, kisha akageuka kusimamia watu waliokuwa wanashusha bidoni.

"Fundi, fanya mbio," alisema bila kutazama nyuma. "Siku ya posho, hii Jumamosi, remorki inapanda Fizi kuleta bamama kumi na mbili. Mutoto ya jirani yetu Rosette anaolewa hapa. Nilishabaambia batakaa ndani, juu ya mikeka, kama bamalkia."

Kwa Mashaka, bidoni zikimwagika ni mafuta. Bamama kumi na wawili ni kitu kingine, na nusu yao walimbeba mgongoni alipokuwa mtoto.

Raphaël alipandisha jeki, akaweka mawe chini ya upande wa pili, akafungua nati kubwa ya katikati na kuvuta ile ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Akachungulia ndani. Akamwangalia Mashaka. Mashaka akaangalia ziwa.

Fundi alichomoa roulement iliyoungua, ile pete yenye vyuma vidogo vya kuzunguka, nyeusi kama kahawa na bado inanukia mawese. Akagonga pete yake ya nje taratibu mpaka ikatoka, akaosha kila kitu kwa petroli, akasoma namba iliyochongwa kwenye chuma na kutafuta mwenzake kwenye sanduku. Kisha akajaza kiganja grisi na kuisukuma ndani ya roulement mpya kidogo kidogo, mpaka ikatokea upande wa pili. Akaweka mpira wa kuzuia vumbi. Halafu akafungua na gurudumu la kulia, maana, alisema, haya yalizaliwa siku moja. Huko pia freni hazikuwemo.

"Mashaka," aliita kwa sauti ya chini, "nifunge hivihivi?"

"Ngoja."

Raphaël akarudisha ngoma ya kushoto kujaribu tu, akakaza nati, akailegeza kidogo ili gurudumu lizunguke bila kucheza. Lilizunguka kimya kabisa.

"Dereva. Nifunge?"

"Ngoja kidogo, fundi."

"Mi nangoja. Mikono ndiyo inachoka."

Nuru alikuwa amekaribia, anajipepea kwa kifuniko cha bidoni. "Munanong'ona nini? Mumeanza tena kupika?"

"Hapana, mama," alisema Raphaël. "Namuuliza muloko yako kama nifunge. Anasema ningoje. Labda iko na neno."

Nuru alimtazama mdogo wake, akaacha kujipepea. "Iko na neno?"

Mdomo wa Mashaka ulikuwa tayari kusema kila kitu kiko bien, kama miaka yote mitatu. Akilini aliwaona bamama wamekaa juu ya mikeka, wanaimba, nao hawajui.

"Yaya, freni haziko. Nilizitoa mi mwenyewe kule Kilembwe, nikakudanganya. Kila nikishuka Fizi naogopaka sana. Nataka freni mupya, pande zote mbili, kabla bamama hawajapanda."