Vigae Kumi na Vinane

Jumanne mchana Juliet, fundi wa waifai kutoka Busia mjini, alizunguka vyumba kumi na vinne vya nyumba ya Ojiambo pale Dabani, simu mkononi, akitazama vijiti vya netiwaki. Vyumba vya mbele vilikuwa na vijiti vinne. Katikati ya sebule, mahali penye urefu wa mtu na upana wa mtu, vikaisha vyote, na vyumba vya nyuma havikupata kitu.

"Inaingia hapa, haitoki," alimwambia Teopista, aliyekuwa akipiga deki.

Teopista alikuwa mjane wa Odwori, kaka mkubwa wa Ojiambo. "Hapo yupo mume wangu," alisema. "Sogea pembeni kidogo, mwanangu, unamkanyaga kifua."

Juliet akasogea.

Huku kwetu kaburi ndiyo hati ya shamba. Alipolala mwenye boma ndipo pa mjane na watoto wake, na wazee wa ukoo hawaamui kesi ya ardhi bila kwanza kwenda kulitazama. Ojiambo alilijua hilo sana. Kuhamisha mifupa kungetaka mbuzi, kikao cha ukoo na kauli ya mjane. Kwa hiyo hakuhamisha chochote. Alijenga juu ya kaburi, akapanga vigae kumi na vinane vinavyong'aa, akamwachia shemeji yake kibanda cha jikoni kule nyuma, chumba kimoja alichokikandika Odwori kwa mikono yake. Mwenye nguvu mpishe, Teopista alijiambia. Lakini aliwasha moto humo kila siku, hata siku asizokuwa na cha kupika, maana moto wa mjane ukizimika, shamba nalo limekwenda.

Saa kumi na mbili kasoro Odwori alitoka chini ya sebule kama kawaida yake, amevaa koti la kijivu alilozikwa nalo, mifuko imetuna kwa netiwaki ya siku nzima. Akaivusha uani, akaketi kwenye kigoda mlangoni kwa mkewe, akaimwaga. Simu ya tochi ya Teopista, ambayo haikutengenezewa mambo hayo, ikaonyesha sura ya binti yao Barbara aliye Jinja, na wote watatu wakaongea habari za mihogo.

Juliet alingoja wamalize, kisha akapiga magoti kusalimu. "Mzee, huwezi kuwaachia wa nyumba kubwa netiwaki kidogo?"

"Waondoe vigae," alisema Odwori. "Kaburi lionekane. Sitashika tena hata kijiti kimoja."

Juliet akapeleka jibu kwa Ojiambo. Ni kazi ya nusu saa, alisema, nyundo na patasi tu. Lakini Jumapili ukoo mzima ulikuwa unakuja kumwona Geoffrey, mwanawe aliye Doha, kwenye televisheni kubwa, na Ojiambo hakutaka ukoo uone kaburi.

"Vigae havitoki," alisema. "Netiwaki yenyewe inakwenda wapi?"

Juliet alikuwa msichana mwema, lakini kazi ni kazi. "Imeshazoea njia ya kibandani kwa mama."

"Basi kisanduku cha waifai kifungwe huko, waya uje huku."

"Kisanduku hakitaki moshi, mzee."

Alijuta papo hapo. Ojiambo alikuwa ameshainuka.

Alimwendea shemeji yake kwa heshima zote, akasimama nje ya mlango. "Shemeji, ghala lina nafasi. Ni mambo ya mtandao tu."

"Ojiambo, kaka yako umemfunika," alisema Teopista. "Sasa na moto wangu?"

"Usiyakuze mambo, shemeji."

Akaingia, akamwagia mafiga maji kwa mkono wake mwenyewe. Ijumaa kisanduku kilikuwa ukutani na kufuli mlangoni.

Jumapili netiwaki ilijaa kila chumba, mpaka choo cha wageni. Geoffrey alionekana hadi vinyweleo vya kidevu.

"Baba, leo ni safi kabisa! Nawaona wote. Huyo ninayemwona dirishani nyuma yako, anayegonga mlango wa kibanda, ni nani?"

Ojiambo aligeuka, akatazama. "Baba yako mkubwa."

"Ah. Msalimie."

"Nitamsalimia," alisema Ojiambo, akasogeza kiti chake mpaka kikaziba dirisha. "Haya, tuambie habari za huko."

Odwori aligonga mara ya tatu. Teopista akamwita kutoka ghalani, naye akaja taratibu, mifuko imelala bila hata kijiti kimoja, akatafuta pa kuketi kati ya magunia ya mahindi. Akauliza kama kuna chai.

Teopista akamwambia kwamba humu hawaruhusu kuwasha moto.