Maji ya Jibini

Kopo la tatu la krimu ya ngozi nalo lilitoka na mabonge, kama uji wa mpishi mvivu. Mjukuu wangu alilikodolea macho. Saa sita mama mwenye karakana ya sabuni anakofanya kazi angekuja kuijaribu krimu hiyo. Ikimpendeza, mjukuu wangu angeacha kufunga maboksi, aingie chumba cha kuchanganya.

"Bibi, maji yako ya jibini yananihujumu."

"Yangu? Mwaka wa arobaini huu nakamua jibini, maji yake hayajanisaliti hata siku moja." Nikachungulia sufuria. Mafuta yalikuwa yakitokota. "Unayamimina humo?"

"Ndiyo."

"Basi lazima yagande. Bado yana maziwa ndani yake, hayapendi moto mkali. Acha mafuta yapoe mpaka kidole kivumilie."

Akajipiga kofi la paji la uso. "Protini! Nimeisoma muhula mzima."

"Mimi sikuisoma. Niliiunguza."

Krimu ya kopo la nne ilitoka laini, ikateleza kijikoni yenyewe.

Mama mwenye karakana alikuja, miwani puani. Alinipaka mkono wa kulia, akaupapasa, akaupapasa na wa kushoto.

"Bibi, sioni tofauti. Mikono yote miwili laini kama ya mtoto."

Mjukuu wangu alinywea. Nami, niliyezoea kuificha mikono hii chini ya mtandio mbele ya wageni kwa harufu yake ya maziwa, leo nilikuwa naijutia kwa ulaini wake.

"Mama," mjukuu wangu alimwambia mgeni taratibu, "mikono hiyo inaingia kwenye maji hayohayo kila asubuhi, tangu mama yangu akibebwa mgongoni. Jaribu kiwiko. Kiwiko hakijawahi kufika ndooni."

Nikakunja mkono wa gauni. Kiwiko changu ni gome la mti, sifichi. Alikipaka cha kulia, tukanywa chai, akakipapasa. Akapapasa cha kushoto. Akarudi cha kulia. Kisha akalifunika kopo mwenyewe, akalitia mkobani.

"Jumatatu uje na aproni," alimwambia mjukuu wangu. Akanigeukia. "Na maji yanayobaki, Bibi, huwa unayapeleka wapi?"

"Namwaga uani."

Alifumba macho kama aliyefinywa.

Kesho yake niliichuja jibini, nikabeba ndoo ya maji yake kwenda uani kama kawaida. Mguu mmoja ulikwisha kuvuka kizingiti. Nikarudi, nikaitua ndoo, nikavuta kigoda, nikaukunja mkono wa kushoto wa gauni hadi begani.