Bajaji Iliyokuja Kujiposea

Usiku wa jana niliota bajaji isiyo na dereva imekuja kuposa mtaa wetu. Siyo kuposa msichana wa mtaa wetu, hapana. Mtaa wenyewe, na mitaro yake, na mbuzi wa jirani.

Ni asubuhi, jua limeshachoma. Niko nje, mkono mmoja mswaki, mkono mwingine simu. Simu inalia. Nasoma: "Bajaji ya kujiendesha inaomba ruhusa ya kujua ulipo, kusikia sauti yako, na kuwafahamu jamaa zako wote."

Kidole kinaenda kwenye Kubali kama kawaida yake, si unajua, nani anasoma? Bi Mwanjaa akanidaka kidole hewani. Bi Mwanjaa ni jirani yetu, na mtaani kwetu hakuna posa inayojibiwa yeye hajasema neno.

"Inataka kuwafahamu jamaa zetu wote?"

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo posa, mjukuu wangu. Katandike mkeka."

Nikatandika. Mkeka ukaanzia barazani, ukapita mbele ya duka la Mangi, ukavuka barabara kuu, mwisho wake ukapanda juu ya daraja la magari ukaning'inia kama shuka iliyoanikwa. Mtaa mzima ukavua viatu ukakaa. Magari nayo yakavua matairi, yakayapanga pembeni vizuri.

Nikawasha kamera. Simu ikaniambia, "Chiku, nigeuzie huku basi, na mimi nataka kuona."

Mjomba Kibwana alikuja wa mwisho. Mjomba anaendesha bajaji tangu sijaanza shule, na hiyo bajaji ndiyo iliyoninunulia kila daftari. Akakaa karibu yangu, akaninong'oneza, "Chiku, hii ikikubaliwa, mimi nitakula wapi?"

Mjomba akitania hupiga makofi. Safari hii mikono alikuwa ameikalia.

Bajaji inaingia. Nyeupe peee, udi unafuka kwenye bomba la moshi, kiti cha mbele kitupu.

"Hodi. Nimekuja kuposa."

"Karibu," akasema Bi Mwanjaa. "Umekuja na nani?"

"Mwenyewe. Mimi ni ya kujiendesha."

Mkeka wote ukaguna, hadi ule upande wa darajani.

"Kujiendesha tumesikia. Mshenga wako yuko wapi?"

Bajaji ikafikiri. "Mshenga ni kifaa gani?"

Wanawake walicheka mpaka taa za barabarani zikawaka njano.

"Nina macho pande zote," bajaji ikajitetea. "Silali, silewi, sipiti njia isiyo yangu…"

"Ishia hapohapo! Mchumba hajisifii mwenyewe. Anasifiwa."

Ikawa watu wanasema ya moyoni. Mangi wa dukani akasema yeye anaitaka, walau haitamwambia haina chenji. Mama mmoja akasema yeye haitaki, itasikia anachogombania na mumewe halafu ikakisimulie mjini. Mumewe akasema mjini wameshakisikia, mke wangu, hata bila bajaji.

Ndipo akasimama Zamoyoni, muuza chapati, na mwiko wake mkononi.

"Mimi nina swali moja. Haina dereva. Tutamtukana nani?"

Hoja ilikuwa nzito.

"Ikinipitisha kituo nimseme nani, kioo?"

"Kwani lazima utukane, dada?" kijana mmoja akauliza.

"Asubuhi? Lazima!"

Watu wakapiga makofi. Tuta la barabarani likanyanyua kichwa. Sikujua kama lina kichwa.

"Na mimi niseme," likasema, taratibu, kama kila kitu chake. "Nilipoletwa mlinitukana mwezi mzima. Eti navunja springi. Leo magari yakipunguza mwendo kwangu, mnakimbilia madirishani kuuza karanga. Kuna aliyekuja kuniomba radhi?"

Mwenye karanga akainama akajifanya anafunga kamba za viatu, na viatu alikuwa hana.

"Basi," likasema tuta. Likalala.

Bajaji ikaona mambo yanalainika, ikaongeza kwa haraka, "Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Hapohapo wakatokea wazee wawili mapacha, kanzu zimewapwaya. Huyu Vigezo, yule Masharti. Waliongea kwa sauti ndogo mno, ukubwa wa yale maandishi ya chini kabisa ya tangazo.

"Miaka yote mnatupita mbio kwenye simu," Bi Mwanjaa akawaambia. "Leo mtakaa, mtakunywa chai, na mtasema tusikie."

Mapacha wakaanza kulia. Hakuna mtu aliyewahi kuwasikiliza mpaka mwisho. Walipomaliza chai, Masharti akajifuta macho, akasema kwa sauti iliyojaa mtaa:

"Ikikubaliwa, dereva hana kazi."

Mkeka mzima ukageuka kumtazama Mjomba Kibwana. Mjomba akatazama vidole vyake vya miguu.

"Posa imekataliwa," akasema Bi Mwanjaa.

Nikaruka kwa furaha! Bajaji ikasimama palepale. Waipa yake moja ikaanza kufuta kioo, kushoto, kulia, na mvua haikuwepo.

Nikageuka nimkumbatie mjomba. Hayupo. Yuko mbele ya bajaji, kiuno ameshika.

"Wewe nani kakulea?" anaifokea. "Unaenda kwa watu kuposa peke yako? Hujasalimia hata mzee mmoja! Unatuaibisha ukoo mzima wa bajaji."

"Samahani," ikasema bajaji. "Sikufundishwa."

"Naona. Toka nje. Turudi upya."

Akaishika kioo cha pembeni kama mtu anayemshika mtoto sikio, akaitoa nje ya mkeka. Akavaa kofia, akapanda mbele, akakohoa.

"Hodi wenyewe! Shikamooni wakubwa! Sisi ni wapita njia, tumeona ua ndani ya boma lenu, tumeshindwa kupita. Kijana wetu huyu hanywi, havuti, chakula chake chaji tu. Hajui kusema vizuri, ndiyo maana nimekuja mimi."

Sijawahi kumsikia mjomba akiongea hivyo. Simu nayo ilisahau kurekodi, ikabaki mdomo wazi.

Zamoyoni akamnyooshea mwiko. "Na mbona mmechelewa, sura kama sufuria la jana? Tangu asubuhi tumekaa juani!"

"Tumechelewa kwa sababu moshi wa chapati zako umefunga barabara!"

Zamoyoni akashusha mwiko. Uso ukamchanua. "Jamani," akasema, "yupo wa kumtukana."

Vigelegele! Bi Mwanjaa akadai mkaja wake na kilemba cha mtaa, mjomba akavitoa chini ya kiti, sijui viliwekwa na nani. Masharti akanyanyuka, akatangaza, "Sharti limebadilika. Bajaji itaendesha. Mshenga hashuki."

Mjomba akapiga makofi.

Sasa wote tumo ndani ya bajaji, mtaa mzima, na nafasi bado ipo. Inapanda mkeka, inapita juu ya daraja, inashukia sokoni juu ya nyanya na hakuna hata moja inayopasuka. Mjomba hagusi usukani, amejisogeza pembeni ya kiti kumpisha kijana wake aendeshe. Anasalimia kushoto, anatukanwa kulia, anajibu kote, anacheka, na kila anayemtukana anadandia. Hata tuta limo, limebebwa mgongoni na mwenye karanga.

Nikaamka simu imeniangukia puani.

Nikatoka nje mbio. Mjomba Kibwana alikuwa ndani ya bajaji yake, ileile ya zamani, anakunywa chai. Lakini alikuwa amekaa pembeni kabisa ya kiti cha dereva, nusu yake iko nje, na katikati pote patupu.

"Mjomba, shikamoo. Mbona umekaa hivyo?"

"Marahaba. Nimekaaje?" Sauti imemkauka kama mtu aliyetoka harusini.

"Sogea kati basi, utaanguka."

Mjomba akapatazama pale katikati. Akashusha kikombe.

"Siwezi, Chiku," akaninong'oneza. "Nitamkalia mwenzangu."