Gabari ya Kabati la Joëlle

Mkono wa kulia wa Zéphirin ulianza kutetemeka mwaka uleule binti yake Joëlle alipopata mchumba. Kama ulikuwa mzaha wa Mungu, basi haukumchekesha mtu. Mwanzoni ilikuwa kikombe cha chai tu. Baadaye hata msumari ulimshinda, akawa anaushika kwa koleo na kusingizia macho. Kisha mkono wa kushoto nao ukafuata. Daktari wa Kikula, mtaa wao hapo Likasi, hakumficha: ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, dawa itaupunguza kidogo, lakini kupona asahau. Zéphirin alirudi nyumbani akamwambia mkewe Adrienne kwamba daktari amesema ni uchovu. Adrienne, aliyelala kando ya mkono huo kila usiku, akasema sawa, apumzike. Tangu hapo wote wawili walijua na wote wawili walinyamaza.

Wangeweza kunyamaza hadi kaburini kama si kabati.

Zéphirin alikuwa seremala wa makabati, na nyumbani kwake kulikuwa na desturi aliyoianzisha mwenyewe, ambayo sasa ilikuwa imemkaba koo. Kila binti yake alipopata komunyo ya kwanza, alimtafutia mbao za mulombwa, ule mti mwekundu wa porini upande wa Kakanda, akazilaza darini zikauke taratibu. Binti akiolewa, mbao zinashuka na kuwa kabati la vyombo. Asubuhi ya harusi kabati linatangulia kwa mkokoteni, milango wazi, wakwe waone, majirani waone, hata wasioalikwa waone. Bibiane, binti wa kwanza, alipata lake. Élise alipata lake. Joëlle, kitinda mimba, alikua akizitazama mbao zake darini, na hakuwahi kumwomba baba yake kitu kingine chochote cha harusi.

Mbao nyingine hazikuwepo. Mulombwa ya siku hizi imeishia kwenye magunia ya makala, yale makaa ya kupikia. Ukibahatika kupata ubao sokoni ni mbichi, utapinda jua moja tu likiuchoma. Kwa hiyo Zéphirin alijiambia waziwazi: mkono ukikubali kufanya kabati hili, yeye bado seremala. Ukikataa, amekwisha.

Kazi iliyomtisha ilikuwa mifuo. Rafu za kabati la heshima hazipigiliwi misumari. Hiyo ni kazi ya masanduku ya nyanya. Unachonga mfuo, mfereji usiotoboa, kukatiza upana wa ubao, upana wake sawasawa na unene wa rafu, na rafu inaingia humo na kutulia. Mfuo ukiyumba, rafu inacheza. Tena Zéphirin, kama alivyofundishwa, alizichonga mbavu mbili za kabati kwa pamoja: anazilaza ubavu kwa ubavu juu ya meza, anapitisha mashine mara moja kuzivuka zote, hivyo rafu haiwezi kulala upande. Ni njia nzuri sana. Ubaya wake ni kwamba ukikosea, umekosea mara mbili.

Mashine alikuwa nayo, ile ambayo mafundi wa Likasi huiita défonceuse, yenye kisu kinachozunguka kwa kelele ya kuumiza meno. Lakini mashine huenda inakopelekwa, na mkono wa Zéphirin haukujua tena kupeleka. Alihitaji gabari, yaani kiongozi cha kuishika mashine njiani. Akaanza kuchagua.

Gabari ya kwanza ilikuwa ubao mmoja ulionyooka, hakuna zaidi. Unaubana juu ya kazi, unaiegemeza mashine, unasukuma. Makabati ya Bibiane na Élise yalichongwa nao. Aliujaribu kwenye kipande cha kutupa. Ubao huo unataka mkono uiegemeze mashine bila kuachia hata chembe. Mkono ukaachia, na mfuo ukatoka umepinda kama njia ya panya. Zéphirin alikitia kile kipande kwenye mbabula, jiko la makaa, kikaungua pamoja na makala kabla mkewe hajakiona.

Ya pili aliitengeneza mwenyewe: reli mbili zilizopigiliwa misumari, nafasi ya katikati sawa na unene wa rafu. Rafu ya kwanza iliingia vizuri. Ya pili ikagoma, ya tatu ikapwaya, maana mbao zilizopasuliwa porini kwa msumeno wa mkono hazijawahi kukubaliana unene. Ingebidi atengeneze gabari kwa kila rafu, na mikono ya kutengenezea ilikuwa hiihii.

Ndipo akamwendea Michée. Huyu alikuwa rafiki yake, seremala wa barabara ya nyuma, mtu wa asili ya Kasai mwenye mdomo mwepesi na roho nzuri, ingawa roho mara nyingi ilifika mdomo ukiwa umeshaharibu.

"Yaya Zéphirin! Unakuya kuona namna benye nguvu banatumika?" Michée alimwita, yaya kwao ikiwa kaka mkubwa na kutumika ikiwa kufanya kazi.

"Niko natafuta ile gabari yako," Zéphirin alisema, mkono ameuzika mfukoni. "Ile ya kufungua na kufunga."

Michée aliitoa chini ya meza. Ilikuwa na reli mbili zinazoteleza. Unaweka kipande cha rafu yenyewe katikati, unazisogeza hadi zikibane, unakaza, unakitoa. Kisu chake kilikuwa na kigurudumu juu, na kigurudumu kikiingia kati ya reli hakitoki tena, si kushoto wala kulia.

"Na hii, hata mutoto atachonga droit, ya kunyooka," Michée alisema kwa majivuno. Kisha macho yake yakatua kwenye ule mfuko wa suruali uliokuwa ukichezacheza peke yake, na sauti ikashuka. "Yaya, leta zile mbao hapa. Mi ntachonga. Joëlle hatajua, hakuna muntu atajua."

"Minye ntajua."

"Weye na kichwa yako nguvu! Mutoto iko anataka kabati tu."

"Anataka kabati ya baba yake," Zéphirin alisema, akaikwapua gabari na kile kisu, akaondoka bila kuaga. Njiani ilimuuma kwamba amebeba kitu ambacho hata mtoto angekitumia. Ilimuuma zaidi kwamba alikuwa anakifurahia.

Umeme wa Likasi hauna dini. Juma zima haukuonekana, ukarudi Jumapili watu wakitoka misa. Zéphirin hakungoja hata kuvua shati la kanisani. Alitoa kisu cha zamani kwenye mashine, akatia kile cha Michée, akachukua spana mbili za kukazia nati inayokishika. Spana ikateleza. Akaiweka tena, ikateleza tena, ikaanguka miguuni pa Adrienne, aliyekuwa ameketi mlangoni akichambua maharage.

Adrienne aliiokota, lakini hakumrudishia. "Papa Bibiane, lete, mi nikaze."

"Weye ni muke ya menuisier, ya seremala. Hauko menuisier."

"Nati haiombe diplôme. Ni kukaza tu."

"Nimesema acha!"

Alimkaripia kwa sauti ambayo hakuwa amewahi kumkaripia nayo, na aliona aibu papo hapo. Adrienne akaiweka spana mezani, akarudi kwenye maharage yake. Zéphirin akaishika kwa mikono miwili na kuizungusha mpaka akasikia imefika mwisho. Iliyokuwa imefika mwisho ni nguvu yake.

Akajaribu kwanza kwenye kipande kifupi. Mashine iliingia kati ya reli ikaenda, mikono ikitetemeka juu yake na yenyewe haina habari. Alipopuliza vumbi aliona mfuo mnyoofu, wenye kingo kali, kama ile ya enzi zake. Akacheka peke yake. Alicheka hadi Adrienne akaacha maharage na kuja kuona.

"Iko droit," Adrienne alisema. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Vraiment, kweli iko droit," Zéphirin alijibu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya daktari alijisikia mtu mzima.

Akazilaza mbavu mbili za mulombwa mezani, ubavu kwa ubavu, akazibana. Mifuo ilikuwa minne. Akaziba masikio kwa pamba. Wa kwanza alipouchonga aliupuliza, akapitisha kidole, akauona mzuri. Alipokuwa akimaliza wa pili, balbu juu ya meza ikapepesa. Kila mtu Kikula anajua maana ya kupepesa huko: umeme unaaga. Na ukiaga hapa, unaweza kurudi kesho, unaweza kurudi baada ya harusi. Zéphirin hakupoteza muda kupuliza vumbi. Alihamisha gabari, akakaza, akasukuma. Kwenye mfuo wa tatu sauti ya mashine ilikuwa nzito, naye akadhani ni kifundo cha mti. Alihamisha, akakaza, akasukuma tena.

Mfuo wa nne ulikuwa karibu kwisha aliposikia harufu. Mulombwa ina harufu yake, na hii haikuwa yake. Ilikuwa harufu ya mkaratusi, kama ya dawa ya kifua. Na mkaratusi pale ulikuwa mmoja tu, nao ni meza yake.

Alizima mashine, akapuliza vumbi.

Mfuo ulikuwa umenyooka jinsi alivyouota, ila haukuwa na chini. Kisu kilikuwa kikiteleza kwenye nati iliyolegea, kidogo kidogo, kikishuka kila alivyosukuma, hadi kikazikata mbavu zote mbili na kuanza kuila meza. Mfuo wa tatu ulibakiza ngozi nyembamba kama karatasi ya sukari. Gabari ya Michée ilikuwa imelinda kushoto na kulia kwa uaminifu wote. Chini haikuwa kazi yake.

Na umeme, mwanaharamu ule, haukukatika hadi kesho yake.

Adrienne alikuja akasimama kando yake. Aliziona mbao, akaiona nati, akaelewa. Zéphirin alingoja amwambie: si nilikuomba nikaze? Angalau wangegombana. Adrienne alichukua ufagio akaanza kufagia lile vumbi jekundu.

Joëlle alipofika jioni kutoka kwa mchumba wake, baba yake alikuwa ameshazisimamisha mbao ukutani uani, zimetazama ukuta, palipokatika pamefunikwa gunia.

"Mbao yako imepasuka," alimwambia. "Ilikuwa na ufa ndani."

"Imepasuka namna gani, Papa? Tangu komunyo yangu iko napumzika mule juu tu."

"Mbao ni mbao."

"Ya Bibiane haikupasuka. Ya Élise haikupasuka. Juu ya nini ya minye tu?" Akaweka mkoba wake chini. "Bon. Tafuta ingine. Hata mbao ya mubaya, hata kabati ya kadogo. Nitabeba vilevile, sitaona haya."

"Hakuna ingine."

"Papa, weye mwenyewe, kama unafanya na mikono yako, hata banacheka..."

"Nimesema hakuna!"

Joëlle alimtazama. Zéphirin aliliona wazo likimwingia binti yake na kuketi: kwamba dada zake walikula chungu kizima, na yeye, wa mwisho, amekuta makombo, kwamba baba amechoka kupenda. Angeweza kulifukuza wazo hilo kwa kuutoa mkono mfukoni tu. Hakuutoa. Afadhali aonekane baba mbaya kuliko fundi aliyekwisha, ndivyo alivyoona siku ile, na moyo ulimuuma vibaya sana. Joëlle akaingia ndani bila kumtakia usiku mwema.

Kabati alilinunua mwenyewe, la unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi, lile linalouzwa likiwa vipandevipande ndani ya boksi. Alasiri ya kuamkia harusi walilifungua sebuleni, Joëlle na mama yake wakiwa wamepiga magoti sakafuni. Kila tundu lilikuwa limeshatobolewa kiwandani. Rafu hazikuhitaji mfuo; zilikalia vipini vidogo vya plastiki. Zéphirin alikaa mlangoni akiangalia, na alijua kwamba hata hivyo vipini asingeviweza.

Joëlle alikuwa bado amenuna. Bila kuinua kichwa alimnyooshea baba yake karatasi ya michoro iliyokuja na boksi.

"Papa, weye ndio menuisier. Shika hii, utuonyeshe."

Hakuwa na namna. Alisogea, akaipokea.

Karatasi ikaanza kupiga kelele. Chumba kilikuwa kimya, na karatasi ililia mle ndani, pata pata pata.

"Shika muzuri, Papa. Sione kitu."

Aliishika kwa mikono miwili. Akabana viwiko mbavuni. Ikazidi. Adrienne aliinamia skrubu kana kwamba zimempotea zote.

Joëlle akainua kichwa ili amkemee. Aliitazama karatasi, kisha mikono iliyoishika, kisha mama yake, ambaye hakumtazama. Kisha akageuka dirishani, kule uani, kwenye mbao nyekundu zilizosimama zimetazama ukuta. Hasira yote ilimtoka usoni, na kilichobaki Zéphirin hakuweza kukitazama.

Binti akasimama, akaichukua ile karatasi polepole kutoka mikononi mwake, akailaza sakafuni, akaweka bisibisi juu yake isipeperuke.

"Ikala, Papa," alisema. "Tutafanya siye."

Zéphirin akaketi.