Watoto wa Bwana Hajulikani

"Huyu ni dada yako," karani wa ndoa alisema, akageuza skrini ili wajionee wenyewe. "Baba yenu mmoja."

Mabano alicheka, maana mfumo ule wa vizazi na ndoa aliuandika yeye. Hata jina hilo la utani alilipata kwa kusahau kufunga mabano kwenye programu zake. Kisha akasoma. Jina la baba yake: Hajulikani. Jina la baba wa mchumba wake, fundi cherehani ambaye gauni lake la harusi ya Jumamosi lilibaki vifungo tu: Hajulikani.

Wote wawili walilelewa na mama peke yake. Kumbukumbu za zamani ziliacha nafasi ya baba wazi, na mashine ilipozisoma iligoma kumeza nafasi tupu. Mabano akaiamuru: ukikuta pengo, weka Hajulikani. Nayo, kwa utiifu wake wa kipumbavu, ikamuumba Hajulikani mmoja na kumpachika kila penye pengo.

"Hajulikani si mtu," Mabano alisema.

"Si mtu, na ana watoto mji mzima?" karani akauliza. "Mimi siozeshi ndugu, bwana. Mleteni mzee mwenyewe aje akanushe."

Nje kwenye korido, waliofuata vyeti na kumkuta Hajulikani humo walikuwa wameshaanza kuitana kaka na dada. Mlinzi wa mlangoni, mzee asiye na mke wala mtoto, naye baba yake Hajulikani, alimkumbatia Mabano mpaka kofia ikamdondoka. "Mdogo wangu," alisema, "pua hiyo ni ya baba kabisa."

Mchumba hakuona cha kuchekesha. "Sikushona gauni nikaolewe na kaka yangu. Rudi ndani ukarekebishe."

Mabano akarudi, akaomba kiti cha karani. Kosa lilikuwa mstari mmoja: Hajulikani aliumbwa juu kabisa, kabla majina hayajaanza kusomwa, kwa hiyo wote walichangia huyo huyo. Akamshusha chini, pale majina yanaposomwa, ili kila mwenye pengo aumbiwe Hajulikani wake. Kufumba na kufumbua, ukoo mzima ukasambaratika.

"Enhee," karani alisema, akigonga muhuri. "Hawa sasa ni wazee wawili tofauti."

Mchumba alitoka mbio kwenda kutia vifungo. Mabano alifurahi, lakini alipofika mlangoni alisimama mbele ya mlinzi.

"Mzee, nimerekebisha. Sisi si ndugu tena."

Mlinzi alivua kofia, akaitazama ndani. "Haya. Kwa hiyo harusi ipo?"

"Ipo."

"Na mahali pa baba atasimama nani?"

Mabano alikuwa na jibu moja tu, lile lile aliloipa mashine.

"Hajulikani," alisema.

Mzee akaivaa kofia yake, akainyoosha. "Basi hapo niweke mimi."