Chumvi Kwenye Kona

Watu wa mpira wana mdomo, na msimu ule mdomo wao wote ulikuwa juu ya mtu mmoja, beki waliyembatiza Komeo kwa sababu mlango akiufunga yeye haufunguki. Miaka tisa aliichezea timu ya mtaani kwao. Miaka tisa, jamani! Kisha, akiwa na miaka thelathini na mitatu na goti linalolia kila akipanda ngazi, akahamia kwa matajiri wa upande wa pili wa mji. Basi akawa msaliti. Mmoja alikwenda kuichoma jezi yenye jina lake mbele ya geti lake, tena jezi yenyewe mpya kabisa, hasara juu ya hasara.

Walitaka afanye nini? Alipoomba mkataba wa miaka miwili, mwenyekiti wa timu ya mtaani alimkumbatia akamwambia, "Komeo, sisi ni familia. Familia haiandikiani." Matajiri wao waliandika: miaka miwili, mshahara mara tatu, na matibabu ya goti. Mkewe aliusoma mkataba ule jikoni, akaurudia, akasema, "Baba watoto, makofi ya jukwaani sijawahi kuyapika yakaiva." Komeo akasaini. Lakini usingizi ulimruka wiki nzima, maana aliipenda ile timu, na kusema kweli aliipenda kuliko ilivyompenda yeye.

Kilichomuuma zaidi ni kumwacha kipa. Kipa wa timu ya zamani ni shemeji yake, amemwoa dada yake mdogo. Siku kipa alipokuja kujitambulisha nyumbani, binti wa watu kwa kiwewe alitia chumvi kwenye mchuzi mara tatu. Kipa akaonja, macho yakamtoka. Komeo akamnong'oneza, "Chumvi?" Wote wawili wakainamisha vichwa kwenye sahani, wasije wakacheka mbele ya wazee.

Tangu hapo likawa neno lao la kazi. Mpira wa juu ukija golini, kipa anapiga kelele "Chumvi!", Komeo anainama, kipa anadaka. Washambuliaji wa timu nyingine walibaki kushangaa, hawa wanapikia wapi? Wala hawakumwambia mtu maana yake, hata kocha.

Jumamosi timu hizo mbili zikakutana. Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, matajiri wakapata kona. Komeo akapanda mbele, maana vichwa ni kazi yake. Mpira ukaja mzuri, unamtafuta yeye tu. Akaruka, shingo kaikaza, na goli lote liko wazi mbele yake. Alitaka kufunga. Hilo lishikeni, maana baadaye hakuna aliyelishika: alitaka kufunga kwa roho yake yote, awazibe midomo waliomwita msaliti na waliomwita mzee.

"Chumvi!"

Akainama. Mazoea yana taabu, wallahi. Mpira ukampita juu ya kisogo, kipa akaudaka, akaurusha mbele haraka, na kabla Komeo hajafika nusu ya uwanja wavu wa timu yake ulikuwa unatikisika. Wamefungwa moja bila.

Jukwaa la watu wake wa zamani likakumbuka alivyoinama kwenye kona. Kisha likalipuka. "Ko-me-o! Ko-me-o! Damu nzito kuliko maji!" Wale wale wa kuchoma jezi! Komeo alisimama katikati ya uwanja, mikono kichwani, na kila walivyomsifu ndivyo wenzake walivyozidi kumtazama vibaya.

Hajavua hata viatu, akaitwa ofisini. Mwenyekiti wa matajiri alikuwa amekaa, kocha amesimama dirishani, na mkataba uko mezani.

"Wamekupa nini?" mwenyekiti akauliza.

"Hawajanipa kitu, mzee. Ni mazoea." Akaeleza yote, mchuzi, neno, miaka tisa. Alipofika kwenye sahani, kocha aliguna.

"Chumvi," mwenyekiti akasema. "Mtu mzima unaniletea habari za chumvi."

"Nampigia shemeji. Msikie wenyewe."

Akaipiga simu, akaweka sauti ya nje, akailaza juu ya mkataba. Kule upande wa pili ngoma zilikuwa zinalia. Kabla Komeo hajafungua kinywa, kipa alikwisha dakia.

"Shemeji! Mwamba wewe! Mwenzio 'chumvi' ilinitoka bila kufikiri, nikasema nimekwisha, leo ananifunga huyu. Ukainama! Dada yako huku analia kwa furaha. Pesa wamekupa, lakini moyo hawakuupata, eti shemeji?"

Mwenyekiti akamtazama kocha. Komeo akaiinamia simu.

"Shemeji," akasema taratibu, "niko ofisini. Mwenyekiti anakusikia. Mwambie sikukusudia."

Ngoma zikaendelea kulia. Kisha kipa akakohoa. "Aa... shikamoo, mzee. Hakukusudia huyo, kabisa. Mazoea tu yale. Nilikuwa namtania."

Na huo ndio ulikuwa ukweli mtupu, lakini ulitoka kinywani umechelewa, kila mtu akausikia kama uongo. Hata kipa mwenyewe, kwa sauti yake, alidhani anadanganya ili kumwokoa mwenzake. Hilo ndilo lililomkata Komeo maini: hata huyu haniamini.

Mwenyekiti akakata simu kwa kidole kimoja. "Jezi yetu iache hapo kwenye kiti," akasema. "Mengine utayasikia kwa katibu."

Unga ukamwagika hivyo, na matibabu ya goti yakaenda nao. Komeo akaivua jezi, akaikunja vizuri kama alivyofundishwa na mama yake, akatoka na fulana ya ndani. Njiani kote aliwaza atamwambia nini mama watoto.

Kwenye geti la uwanja walikuwa wanamsubiri, watu wake wa zamani, mamia. Walipomwona hana jezi ya matajiri wakapiga kelele hadi mabati yakatikisika. Wakambeba juu kwa juu, goti likamchoma kama moto, na wao wanaimba jina lake.

"Niacheni!" Komeo akapaza sauti. "Nilitaka kuwafunga! Mnasikia? Nilitaka kuwafunga!"

Wakacheka kwa raha. "Msikieni mjanja huyu," mmoja akawaambia wenzake, "anaficha siri mpaka sasa." Machozi yalimtoka Komeo, akashindwa kuyazuia, na yule aliyemshika mguu wa kushoto akamfuta kwa skafu ya timu, akimbembeleza, "Lia tu, kaka. Umerudi nyumbani."